Kikao cha Kihesa juu ya Digrii ya Binti Yangu

Haya jamani, mliosimama kaeni, mliokaa bananeni, na wewe uliyeegemea mlango usijifanye unapita tu, najua umekuja kusikiliza. Chai iko kwenye chupa. Sukari kila mtu ajiwekee mwenyewe, maana nikiweka mimi kijiko kinasimama wima katikati ya kikombe.

Leo nawasimulia nilivyokwenda Iringa kumtoa binti yangu chuo. Ndiyo, kumtoa. Wenzangu wanauza ng'ombe ili mtoto aingie chuo, mimi nilipanda lori kwenda kumtoa, tena nimevaa koti.

Ambaye hanijui, mimi ni fundi turubai. Naishi Iyunga, pale pale kando ya barabara kuu, malori ya Zambia na Kongo yanapita mlangoni kwangu yananitingishia vikombe. Turubai la lori likichanika, dereva anashuka, anauliza fundi yuko wapi, anaonyeshwa mimi. Nina kipande cha ngozi nafunga kiganjani, nina uzi wa nailoni, na nina sindano ambayo ukiiona utafikiri ni ya kumchanja tembo. Shule mimi niliiona dirishani. Nikachungulia, nikamwona mwalimu ameshika fimbo, nikaendelea na safari yangu.

Sasa kazi ya turubai ina raha moja: mteja hawezi kwenda popote. Turubai liko chini, mzigo uko wazi, mvua hiyo inakuja kutoka mlima Loleza. Dereva atafanya nini? Anakaa. Akishakaa, mimi nashona na kusimulia. Nimewasimulia madereva mpaka wengine wamevuka mpaka wa Tunduma bado wanacheka, askari wakafikiri wamelewa. Tundu la kuingia ngumi moja naweza kulishona mpaka jua likageuka. Kuna dereva mmoja wa Kongo, mtu wa mdomo sana, siku hiyo aliinama, akaniangalia mkono, akasema:

"Mzee, hili tundu unalishona au unalilea?"

Basi niwaambie ukweli, nilikuwa nashona taratibu makusudi. Msicheke. Kaeni kwanza kwenye nyumba ya mtu mmoja, halafu mje mcheke.

Mke wangu tulimzika kwao Rungwe, binti yetu akiwa bado anavaa sare ya msingi. Wanangu wa kiume wakaondoka mmoja mmoja, huyu Tunduma, huyu Dar, wanapiga simu Krismasi, na nyuma yao kuna kelele mpaka sijui naongea na mwanangu au na baa. Akabaki binti. Alikuwa akitoka shule anakaa juu ya marobota ya turubai, anaandika kazi zake huku ananisikiliza. Hadithi zangu zote alizijua. Nikimsimulia dereva habari za simba niliyekutana naye Chunya, yeye bila kuinua kichwa anasema, "Baba, jana huyo simba alikuwa fisi."

Halafu akafaulu. Akaenda Iringa kusomea biashara, digrii kabisa. Na siku alipoondoka, nyumba yangu ikakua. Nyumba ya vyumba viwili jamani, lakini nilikuwa nikitoka jikoni kwenda kulala nachoka njiani, natamani pangekuwa na sehemu ya kupumzika. Ugali wa mtu mmoja nimejaribu kupika nimeshindwa. Unga ukiwa kidogo mwiko unakosa cha kusukuma, unabaki unagonga sufuria tu. Kwa hiyo napika wa watu wawili, nakula wangu, ule mwingine naukodolea macho mpaka unapoa. Redio siizimi. Mtangazaji akisema habari za jioni, mimi naitikia, nzuri, karibu, hujambo huko. Yeye anaingia kwenye mpira, wala haulizi kama mgongo umepona. Nilikuwa na kuku mmoja mwekundu, nikaanza kumsimulia yeye. Alivumilia siku mbili tatu. Baadaye akahamia kwa jirani, akawa anataga huko huko.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo siku binti aliponipigia. Ilikuwa msimu wa mvua, kazi zimejaa, foleni ya malori yenye turubai bovu inakaribia Mbalizi. Nikashika kisimu changu cha kitochi, nikasikia analia.

"Baba, nataka kuacha chuo."

Nikamuuliza nani kamgusa. Akasema hakuna aliyemgusa. Walikuwa wamepelekwa mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Yeye kapangiwa ofisi moja pale Mlandege, wanauza unga wa mahindi. Mwanzoni wakampa kazi: andika hesabu za wateja, tunga barua, panga wiki ijayo tutauza wapi. Akafurahi, akanunua na viatu. Hazijapita siku nyingi bosi akaja na hii akili mnemba, hii akili ya mashine mnayoisikia redioni, akaiweka kwenye kompyuta. Kazi yote ya binti yangu ikawa imeisha kabla ya chai ya saa nne.

"Ikabaki mimi niangalie kama haijakosea," anasema. "Na niwapelekee watu chai. Baba, mwaka mmoja umebaki, lakini nasomea kazi ambayo imeshapata mtu. Na huyo mtu halali, hali, wala haombi likizo ya uzazi."

Mzazi wa kawaida hapo anavunjika moyo. Mimi nilivunjika kwa mdomo. Nikasema, "Pole sana mwanangu, pole mama," kwa sauti ya msiba kabisa, huku miguu inacheza chini ya meza.

"Usibebe begi peke yako," nikamwambia. "Nakuja kukuchukua."

Nikaanika godoro lake, na mvua ilivyokuwa ikichungulia nikawa namwagiza Mungu kama namwagiza mtoto dukani: Kyala wangu, subiri godoro likauke, halafu ufanye unachotaka. Nikanunua vikombe vipya. Nikafagia mpaka chini ya kitanda, nikakuta kijiko nilichokuwa nimemsingizia jirani. Malori yakaniita, nikawaambia fundi amesafiri. Wakasema si wewe huyu hapa? Nikasema huyu ni pacha wake, hajui kushona.

Lifti nikapata kwa yule yule dereva wa Kongo, anarudi Dar na shaba. Tukaanza safari. Tumepita Chimala, tumeona uwanda wa Usangu umejaa maji na ng'ombe, ng'ombe wengi hata ukiwahesabu mpaka wazae bado hujamaliza. Dereva akanitazama kwa pembeni.

"Mzee, leo koti. Unakwenda harusi?"

"Nakwenda kumchukua binti yangu chuo."

"Hongera! Kamaliza?"

"Hapana. Anaacha."

Akalipita kwanza lori la mbele. Halafu akasema, "Pole sana. Sasa mbona tangu Uyole unaimba?"

Mimi sikujua kama nilikuwa naimba. Nikafunga mdomo. Kutoka hapo mpaka Makambako nikawa napanga maneno ya kumwambia binti. Nikapanga hotuba, jamani, hotuba ya mbunge inakaa chini. Kwamba mashine zimeharibu mambo, kwamba digrii siku hizi ni kalenda tu ya ukutani, kwamba aje tufungue karakana ya turubai, yeye akae mezani, mimi nishone, jioni tufunge pamoja. Nikaifanyia mazoezi kimoyomoyo mpaka kwenye misonobari ya Mafinga, ukungu mzito hata dereva anawasha taa mchana, na mimi nang'aa mwenyewe bila taa.

Akanishusha Ipogolo, chini ya mlima. Nikapanda bajaji mpaka Kihesa.

Nyumba aliyopanga binti ni ya mama mmoja wa Kihehe, mjane, mtu wa kwaya ya Kilutheri, sauti yake akisema karibu ndani mabati yanaitikia. Vyumba vyake vyote anapangisha wanafunzi na vijana wa kazi. Akanisalimia kwao, kamwene, nikamjibu kwetu Kinyakyusa, ugonile, halafu tukakutana kwenye Kiswahili. Binti akatoka chumbani. Amekonda! Nilimwacha binti, nikakuta ufagio umevaa gauni. Akanipigia goti, akaniambia shikamoo Baba, na begi lake liko tayari pembeni ya mlango, zipu imefungwa.

Nikalishika begi. Nilitaka tuondoke hata chai hatujanywa.

"Weka hilo begi chini, baba mzazi," mama mwenye nyumba akasema.

"Mama, giza litatukuta."

"Giza halijawahi kula mtu Kihesa. Wewe siku unamleta huyu binti uliketi kwenye kochi hili, ukaniambia mama, nakukabidhi mtoto. Tuliongea au hatukuongea?"

"Tuliongea."

"Basi kama aliingia kwa maneno, atatoka kwa maneno. Huwezi kumchomoa tu kama kuku wa mnadani. Tunakaa kikao."

Nyie mnajua. Mtu akisema kikao, hata moto ukiwaka nyumba ya pili lazima kwanza achaguliwe mwenyekiti. Mwenyekiti akawa yeye. Kuwa katibu akamwita kijana mmoja mpangaji wake, kijana mtanashati, viatu vinang'aa mpaka nikajiona mle ndani nimezeeka. Huyo kijana ana digrii hiyo hiyo ya biashara, aliipata chuo hicho hicho, miaka michache nyuma. Sasa hivi anazunguka Kilolo kununulia kampuni moja maparachichi. Mama akasema huyu ndiye mtaalamu, digrii yake imening'inia kwenye ukuta wangu, muione ile pale. Kweli ilikuwa pale, katikati ya kalenda ya kanisa na saa iliyosimama.

Akaleta mtogwa, ule ulanzi wa mianzi, mtamu, wa asubuhi ambao haujachachuka, hata mtu wa kwaya anakunywa bila kuangalia nyuma. Akatumiminia wote. Halafu akatazama huku na huku.

"Na huyu anayemfukuza binti yangu chuo, mbona simwoni?"

Tukatazamana. Binti akasema, "Mama, ni mashine. Iko kwenye simu."

"Hata kama. Kwenye nyumba hii hatumjadili mtu akiwa hayupo. Aletwe."

Jamani, Wahehe! Akavuta stuli, akatandika kitambaa cha kochi chenye maua, ile simu ya kupangusa ya binti ikawekwa pale juu kama askofu. Akachukua kikombe, akakijaza mtogwa, akakiweka mbele ya simu.

Kijana akasema, "Mama, hiyo hainywi."

"Asiponywa ni yeye. Asije kusema huko alikotoka kwamba Kihesa nilikaa na kiu." Akainama kwenye simu. "Kamwene!"

Ile kitu ikaitikia! Sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili cha kunyoosha kama cha taarifa ya habari. "Kamwene! Habari zenu? Niwasaidie nini leo?"

Mama akarudi nyuma kwenye kochi. "Ana adabu," akasema. "Kuliko wapangaji wangu wengine."

Kikao kikafunguliwa kwa sala. Binti akapewa nafasi kwanza. Akasimulia yale ya Mlandege, akasimulia bila kulia, nikaona kwamba ameyalia mpaka yameisha. Halafu akasema, "Ngoja niwaonyeshe, maana mnaweza kufikiri natafuta sababu." Akaigeukia simu. Akaiambia, kuna fundi turubai Iyunga, anafanya kazi peke yake, malori mengi, tundu dogo linamchukua nusu siku kwa sababu anasimulia hadithi. Nipe mpango wa biashara yake.

Sikuwahi kusemwa namna hiyo mbele za watu. Simu haikuvuta hata pumzi. Ikaanza: kwanza hili, pili lile, nunua cherehani ya turubai, weka bango, panga wateja kwa zamu. Halafu ikasema, kwa sauti ile ile laini, kwamba tatizo kubwa la fundi ni mazungumzo yasiyohusu kazi, na ayapunguze.

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akashika mguu wa meza. "Hee! Nyie Wanyakyusa na maneno yenu, hata mashine imewajua!"

Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote. Lakini kuna mahali palichoma, kama sindano ikipita ngozi ya kiganja ikaingia kwenye nyama, unatazama kwanza hakuna damu.

Binti hakucheka. "Umeona, Baba? Hilo tunasoma muhula mzima. Limeisha kabla povu la mtogwa halijashuka."

Kijana wa maparachichi akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Dada, ikatalie."

"Niikatalie nini?"

"Mpango wake wote. Mwambie amekosea."

Binti akawaza kidogo. Akainama. "Umekosea," akaiambia. "Wale madereva wako peke yao barabarani wiki nzima. Wanapita mafundi wengine wanakuja kwake kwa sababu ya hadithi."

"Uko sahihi kabisa," ikasema. "Asante kwa kunifahamisha. Hadithi ndiyo nguvu ya biashara yake, asiipunguze."

Nikasimama. "Hii nini sasa? Muda huu nilikuwa mzigo, muda huu huu nimekuwa nguvu?"

"Shahidi gani huyu?" mama akauliza. "Anakubaliana na kila mtu! Huyu angefika baraza la kata angemaliza kesi zote na asimalize hata moja."

"Ndiyo hapo sasa, mzee wangu," kijana akaniambia. "Ofisini kwetu hesabu inafanya hiyo mashine. Mimi hesabu nilizosoma sijazigusa muda mrefu. Lakini juzi ilituambia tununue parachichi za kijiji fulani, bei ndogo. Nikakataa. Nikamwambia bosi hesabu iko sawa, ila kule barabara mvua hii haipitiki, tutanunua rojo. Kukataa namna hiyo nilifundishwa, sikuzaliwa nako."

"Bosi akakusikiliza?" mama akauliza.

"Hapana. Alisikiliza mashine."

"Zikaoza?"

"Zote."

"Basi ukapandishwa cheo?"

"Niko pale pale, mama."

Tukacheka tena, hata binti akaachia jino moja. Halafu akamgeukia. "Kwa hiyo, kaka, nimalize digrii ili niwe nasema ukweli na nisisikilizwe?"

Kijana akajikuna shingo. "Dada, sikudanganyi. Haikupi kazi kama zamani. Lakini ukienda kuomba kazi bado mlangoni wanauliza cheti. Hiyo mashine haijawahi kuulizwa hata cheti cha darasa la saba, wewe utaulizwa. Nina wenzangu walioachia njiani, wanajua mambo kuliko mimi, wanaishia kwa mlinzi wa geti."

"Ukiingia ndani?"

"Ukiingia ndani unapambana."

"Nimeingia ndani Mlandege," binti akasema. "Nimepambana na birika."

Mvua ikaanza juu ya bati, ile ya Iringa, inaanza kama mtu anapepeta mchele. Mimi moyoni nikaona mambo yanakwenda vizuri. Kijana ameshindwa. Begi liko pale. Godoro nyumbani limekauka. Nikakohoa ili nipewe nafasi nimwage hotuba yangu.

Lakini mwenyekiti alikuwa hajamaliza. Akaiinamia simu. "Haya, wewe mgeni. Umesikia yote. Mtoto aache chuo au asiache?"

Simu ikasema uamuzi huo unategemea mambo mengi, malengo yake, mwaka aliobakiza, hali ya nyumbani. Ikayapanga vizuri kama nguo kwenye sanduku. Halafu ikasema, "Na mzazi wake, yeye anataka nini?"

Wote wakanigeukia.

Nyie, mimi nimewasimulia watu wa nchi zote zinazopita barabara ile. Mbemba, Mkasai, Msomali aliyekuwa hajui hata neno moja la Kiswahili na akacheka. Nimesimulia msibani mpaka wafiwa wakaomba nipumzike kidogo waweze kulia. Siku ile nikafungua mdomo, na ile hotuba yote ya kutoka Chimala mpaka Mafinga haikuwemo. Imebaki kwenye lori, imekwenda Dar na shaba.

Nikawatazama. Nikamtazama binti. Ana macho ya mama yake, na kwa mama yake pia sikuwahi kuweza kusema uongo mrefu.

"Mimi jioni nikirudi nabisha hodi," nikasema.

Mama mwenye nyumba akauliza, "Unabisha hodi wapi?"

"Kwangu. Nyumbani kwangu. Nafunga kazi, nafika mlangoni, ufunguo ninao mkononi, nabisha hodi. Nasubiri kidogo. Halafu najiambia karibu, naingia."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimezoea nikisema kitu watu wacheke, sikujua mikono niiweke wapi.

"Digrii mimi sijui kama inafaa," nikaendelea. "Sijui hata ikoje ndani. Mashine ingekuwa haijaja, ningetafuta sababu nyingine, ningesema Iringa kuna baridi. Aliponipigia analia nilifurahi. Nilivaa koti. Nilitaka arudi tu, niwe nabisha hodi mtu anaitikia."

Mvua ikaongezeka. Kijana akachukua kile kikombe cha simu, akakinywa chote bila kujua anakunywa nini. Binti alikuwa anatazama sakafu. Halafu akainuka polepole, akajifuta macho kwa kiganja, akaenda mlangoni, akalishika begi.

"Mama, kikao kimeisha," akasema. "Narudi na Baba. Na ile mashine labda ningeshindana nayo. Lakini na hii hodi siwezi."

Furaha ilinipanda, nisiwafiche. Ilinipanda kutoka magotini, ikafika kifuani, ikasimama hapo kama lori limekosa dizeli kwenye mlima. Kwa sababu nilimwona anavyolishika lile begi. Alilishika kama mtu anabeba mgonjwa. Nilitaka kumwambia hapana, mwanangu, kaa usome. Nilitaka pia kumwambia haya, twende. Maneno yote mawili yakafika mlangoni pamoja, yakakwamana.

Mama mwenye nyumba alikuwa bado amekaa. Alinitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, akafika kwenye koti, akafika kwenye kofia niliyokuwa nimeishika mapajani. Halafu akaruka kutoka kwenye kochi kama kochi limeshika moto, akadaka begi kwa mkanda wa upande wa pili, akamvuta binti na begi lake mpaka katikati ya chumba, na sauti yake ya kwaya ikafunika mvua yote:

"Rudisha begi ndani ukasome, binti! Kumbe shida hapa siyo digrii, ni mzee anataka mke! Na wewe mgeni hapo kwenye stuli, unayejua kila kitu, hebu tuambie, kuna mjane gani mwenye subira huko Iyunga?"